Sabufa katika chumba cha boriti: krosova inavyogawa kazi ya besi

Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, na aliyeamua upana wake si mwenye nyumba bali ni mti. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ikivuka zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana msana au ndani, vyumba vya nyumba hizo, huwa na upana wa mita 2.5 hadi 3 hata pale urefu unapofika mita saba. Upana huo huo ndio unaofanya sabufa, yaani spika maalumu ya besi, iliyowekwa pembeni ivume noti moja ya besi na kuzimeza nyingine.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika hewa ya nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya kasi hiyo kwa mara mbili ya upana wa chumba, utapata masafa ambayo kuta mbili zinazotazamana huyarudisharudisha na kuyakuza. Upana wa mita 2.8 huvuma kwenye Hz 62, yaani mitetemo 62 kwa sekunde. Urefu wa mita 7 huvuma kwenye Hz 25, kisha 50, kisha 75. Dari ya mita 3.5 nayo huangukia Hz 50, palepale ulipo mvumo wa pili wa urefu. Na hapo hapo, kati ya Hz 50 na 100, ndipo sabufa na spika za kawaida zinapopokezana kazi. Kupokezana huko ndiko kunakoitwa krosova.

Wapo wanaoamini kwamba zidaka, vile vishubaka vya ukutani, huvunja mvumo huo. Kwa sauti ya mwimbaji na kwa udi zinasaidia, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi. Lakini wimbi la Hz 62 lina urefu wa mita 5.6, na kidaka chenye kina cha shubiri moja halikioni kabisa.

Vichujio viwili, si kimoja

Nyuma ya sabufa nyingi kuna kitufe cha kuzungusha chenye alama kuanzia Hz 40 au 50 hadi 150 hivi. Watu hukiita krosova, na hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo, kwa sababu kile ni nusu ya krosova. Kinazuia sauti za juu zisiingie kwenye sabufa. Hakizuii sauti za chini zisiende kwenye spika zako nyingine. Ukikiweka 80, spika ndogo hazina habari. Zinaendelea kuhangaika na Hz 40 kama jana, na sabufa inacheza Hz 40 hiyo hiyo juu yake. Sasa besi inatoka sehemu tatu, kila moja kwa umbali wake na kwa wakati wake. Mahali pengine zinajumlishana, mahali pengine zinafutana.

Kuzuia besi isifike kwenye spika ndogo kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitazamii. Kwa kiwango kile kile cha sauti, kila masafa yanaposhuka kwa nusu, yaani okteva moja, koni, ule uso wa spika unaotikisika, hulazimika kwenda na kurudi mara nne ya mwanzo. Koni ya sentimita 13 inayosogea milimita 1 kwenye Hz 100 itatakiwa isogee milimita 4 kwenye Hz 50, na 16 kwenye Hz 25, nafasi ambayo haina. Na kwa kuwa koni hiyo hiyo ndiyo inayobeba sauti ya mwimbaji, sauti nayo hutikisika. Ukiiondolea besi, mwimbaji husikika safi zaidi, hata kabla hujaiwasha sabufa. Ikibidi kuchagua kati ya kutumia pesa kwenye sabufa kubwa zaidi au kwenye kichujio cha spika za mbele, tunashauri kichujio.

Mteremko wa kichujio, yaani kasi yake ya kupunguza sauti nje ya mpaka, hupimwa kwa desibeli (dB) kwa okteva. Kichujio cha Hz 80 chenye mteremko wa dB 24 hakikati kama kisu: kwenye Hz 160 sauti ya sabufa bado ipo, ila imepungua kwa karibu dB 24, ambayo ni kidogo mno kusikika pembeni ya spika nyingine. Chenye dB 12 huacha mengi yapite. Sauti nzito ya mwanamume anayezungumza huanzia karibu Hz 85 hadi 155, kwa hiyo kwa mteremko mpole sabufa huanza kuongea. Chini ya Hz 80 hivi sikio haliwezi kutambua vizuri sauti inatoka upande gani. Juu ya hapo linaanza kunyoosha kidole kwenye kona. Ukisikia mtangazaji wa redio anaongea kutoka nyuma ya kochi, kichujio kimewekwa juu mno au mteremko wake ni mpole mno.

Mfumo unaotumika zaidi leo kwa dB 24 unaitwa Linkwitz-Riley, kutokana na wahandisi wawili wa Hewlett-Packard, na ulichapishwa mwaka 1976. Uzuri wake ni kwamba penye mpaka kila upande uko chini kwa dB 6 na zote mbili ziko katika fezi moja, yaani mawimbi yake hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo zikijumlishwa zinarudi sawasawa. Amplifaya nyingi za sinema ya nyumbani hutumia dB 24 kwa sabufa lakini dB 12 tu kwa spika za mbele, na si ubahili. Spika iliyozibwa kabisa, isiyo na tundu, hushuka yenyewe kwa dB 12 kwa okteva. Kumi na mbili za kichujio na kumi na mbili za kasha la spika zinafika 24, mradi spika ianze kushuka karibu na Hz 80. Spika yenye tundu hushuka kwa dB 24 peke yake, na chini ya masafa ya tundu lake koni huachwa huru bila hewa ya kuizuia. Hiyo kata juu zaidi ya linapoanzia tundu, angalau nusu okteva.

Kwa makadirio ya kuanzia: spika za rafu zenye koni ya sentimita 13, kata Hz 90 hadi 100. Koni ya sentimita 16 au 17, Hz 70 hadi 80. Spika ndefu za kusimama sakafuni, Hz 50 hadi 60, ingawa hata hizo mara nyingi hufurahia 80. Nambari ya chini iliyoandikwa kwenye boksi isikupumbaze. Ukiona "Hz 45", izidishe kwa 1.5 hadi 2 ndipo uikate hapo.

Kuunganisha

Kama amplifaya yako ni ya sinema ya nyumbani, kazi ni ndogo. Ingia kwenye menyu, spika za mbele ziandike "Small" hata kama ni ndefu kama mlango, chagua Hz 80, kisha kitufe cha masafa cha sabufa kizungushe hadi mwisho wa juu au tumia tundu lililoandikwa LFE linalokiruka. Ukikiacha nacho kwenye 80, ishara inachujwa mara mbili: mteremko unakuwa mkali kupita kiasi, fezi inazunguka, na panatokea shimo kati ya Hz 60 na 90 ambalo watu hulijaza kwa kuongeza voliumu ya sabufa. Hapo ndipo besi inakuwa nyingi na haitoshi kwa wakati mmoja. Katika makosa yote, hili ndilo tunaloliona zaidi.

Amplifaya ya stirio ya kawaida inahitaji ujanja. Tazama nyuma. Kama ina tundu la kutolea kabla ya nguvu na tundu la kuingilia kwenye nguvu, mara nyingi yameunganishwa kwa vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama herufi U, basi umepata bahati. Vivute vile vyuma. Tundu la kutolea liende kwenye sabufa kwa waya wa RCA, ule wa sauti wenye pini moja katikati, na kwa mgawanyiko lirudi kwenye nguvu likipitia kapasita.

Kapasita hiyo ni kichujio kamili cha dB 6, na bei yake haifiki ya soda. Thamani yake hutegemea ukinzani wa kuingilia wa upande wa nguvu, ulioandikwa kwenye kitabu cha amplifaya kwa kΩ. Fomula: moja gawanya kwa (6.28 × ukinzani kwa Ω × masafa), na jibu huwa kwa faradi (F). Kwa kΩ 47, kapasita ya µF 0.047 hukata kwenye Hz 72. Kwa kΩ 20, µF 0.1 hukata Hz 80. Kwa kΩ 10, µF 0.22 hukata Hz 72. Nunua za plastiki, polipropilini ikipatikana, za volti 63 au 100. Zile za mkebe wa alumini ziache kando. Zinatakiwa mbili zinazofanana, moja kila upande. Chukua waya mfupi wa RCA, ukate katikati, menya kwa uangalifu. Waya wa ndani ndio unaokatwa na kuungwa kupitia kapasita kwa lihamu. Waya wa nje unaouzunguka uungwe moja kwa moja bila kukatika. Ukivichanganya hivyo viwili utapata mngurumo mtupu. Funika kila kiungo kwa mpira wa kusinyaa kwa joto, si gundi ya karatasi, kwani unyevu wa pwani huingia chini ya gundi hiyo kabla mwaka haujaisha.

Fundi anaweza kukushauri utie kapasita kwenye waya wa spika badala yake. Kwa spika ya Ω 8 na Hz 80 itahitajika ya karibu µF 249, na koili ya sabufa ya mH 16, ambayo ni bonge la shaba. Tena ukinzani wa spika haubaki 8 kwenye besi. Hupanda na kushuka sana, na kichujio hukata mahali pengine kabisa. Ni kazi ya bure.

Amplifaya isiyo na tundu lolote la kutolea bado inaweza kulisha sabufa kupitia nyaya za spika, kama sabufa ina vituo vya kupokea nyaya hizo. Sabufa huchukua ishara tu, haichukui nguvu. Spika za mbele zitabaki bila kichujio, isipokuwa sabufa iwe ya aina inayochuja na kuzirudishia. Tahadhari moja kubwa: amplifaya nyingi ndogo za kisasa huendesha spika kwa ncha zote mbili, kwa hiyo waya mweusi si ardhi. Ukiuunganisha mweusi wa kushoto na mweusi wa kulia ndani ya sabufa, unaweza kuichoma amplifaya kwa sekunde moja. Soma kitabu, au pima: amplifaya ikiwa imezimwa, mita ikionyesha kwamba weusi wa spika haufiki kwenye chuma cha nje cha tundu la RCA, usiunganishe.

Njia nyingine ni kisanduku cha kidijitali kati ya simu au kompyuta na amplifaya, kama miniDSP 2x4 HD. Kinafanya vichujio vyote viwili, ucheleweshaji na usawazishaji, yaani kuongeza au kupunguza masafa fulani. Voliumu, hata hivyo, lazima idhibitiwe kabla yake au ndani yake, ama sabufa itabaki palepale huku spika zikipanda na kushuka.

Mahali, kiwango, fezi

Fuata mpangilio huo, maana ukianza na fezi kisha ukahamisha sabufa umeanza upya.

Katika chumba chembamba cha mawe, mahali pa kwanza pa kujaribu ni katikati ya ukuta mfupi, si pembeni. Mvumo wa upana una shinikizo kubwa kwenye kuta mbili ndefu na karibu sufuri katikati. Sabufa iliyo katikati haiuamshi ule wa Hz 62. Iliyo kwenye kona huamsha mivumo yote kwa mpigo. Mkao wa kusikilizia nao usiwe umeegemea ukuta wa nyuma. Katika chumba cha mita 7, kaa karibu mita 2 kutoka ukuta huo, ambako mvumo wa Hz 50 wa urefu ni dhaifu. Ule wa 75 utabaki, lakini mmoja unavumilika.

Chumba kikiwa na umbo lisiloeleweka, iweke sabufa juu ya kiti chako, piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha zunguka chumbani ukiinama hadi sikio liwe usawa wa goti. Noti ya chini kabisa ya gitaa hilo ni Hz 41. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa uzito mmoja, ndipo sabufa ihamie.

Kwa kiwango, tumia programu ya simu inayotoa mlio mmoja mmoja, na uiunganishe na amplifaya kwa waya. Piga Hz 30, 40, 50, kuendelea hadi 120, na uandike kila kipimo. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa maongezi na nyingi hupunguza besi, kwa hiyo itumie kulinganisha tu: kabla na baada, sabufa peke yake na zikiwa pamoja. Anayetaka uhakika atumie maikrofoni ya USB kama UMIK-1 na programu ya bure ya REW.

Sasa fezi. Tuseme spika ziko mita 2.1 kutoka kichwani pako na sabufa mita 3.5. Tofauti ni mita 1.4, yaani milisekunde 4. Wimbi la Hz 80 huchukua milisekunde 12.5 kumaliza mzunguko, kwa hiyo sabufa imechelewa kwa digrii 115. Sauti mbili zinazolingana zikikutana kwa digrii sifuri huongeza dB 6. Kwa 115 huongeza nusu ya desibeli tu, kana kwamba umewasha moja. Geuza swichi ya sabufa kutoka 0 hadi 180: sasa zinatofautiana kwa digrii 65, na jumla inapanda kwa dB 4.5. Swichi peke yake imefanya kazi kubwa, ingawa kuiacha kwenye 0 na kuzichelewesha spika za mbele kwa milisekunde 4 kungezilinganisha kabisa. Amplifaya yenye menyu ya umbali hufanya hivyo ukiandika vipimo, ila sabufa nyingi zina elektroniki za kidijitali zinazochelewesha zaidi, hivyo umbali sahihi mara nyingi ni mrefu kuliko wa futi kamba.

Unapotafuta kwa mlio mmoja, mahali sauti inapofutika ni rahisi kupatambua kuliko kilele. Basi piga mlio wa masafa ya mpaka, Hz 80, na utafute makusudi mkao mbaya: zungusha fezi, au ubadilishe umbali, hadi sauti iwe hafifu kabisa. Ukiipata, geuza swichi upande wa pili. Umefika.

Shimo likikataa kuondoka, zima sabufa na upime spika peke yake, kisha zima spika na upime sabufa. Kama kila moja ina sauti ya kutosha kwenye Hz 70 na shimo linatokea tu zikiwa pamoja, tatizo ni fezi. Kama sabufa peke yake nayo ina shimo palepale, hicho ni chumba, na hakuna kitufe kitakachokijaza. Sogeza sabufa au kiti. Kuongeza usawazishaji kwenye shimo la chumba ni kumwaga maji kwenye pakacha. Kilele, kinyume chake, kinakubali kukatwa: dB 5 au 6 kwenye Hz 62, kwa upana mwembamba, na nyumba ya mawe hutulia.

Malindi ni habari nyingine

Chini ya paa la makuti, upande mmoja ukiwa wazi kwa bustani, besi haina kinachoirudisha. Mivumo ni dhaifu, hakuna la kukatwa, na sabufa ile ile iliyotikisa Lamu inasikika kama imepungukiwa. Hapo kona ni rafiki: kila uso mgumu ulio karibu huongeza hadi dB 6 kinadharia, kwa hiyo itafutie sakafu ya saruji na kuta mbili za mawe. Sabufa mbili ndogo zitafanya vizuri kuliko kubwa moja. Mpaka weka juu kidogo, Hz 90 au 100, ili spika ndogo zisijiue zikishindana na upepo.

Yanayosumbua pwani

Mngurumo wa Hz 50 au 100 unaobaki hata voliumu ikiwa sifuri mara nyingi hutoka kwenye mzunguko wa ardhi, pale sabufa na amplifaya zinapopata ardhi kwa njia mbili tofauti. Na katika chumba cha dari ya mita 3.5, chumba chenyewe huikuza Hz 50. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja kwanza. Isipotosha, tia transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa RCA. Usikate waya wa ardhi kwenye plagi. Ukimya huo unaweza kukuua.

Chumvi hugeuza pini za RCA kuwa za kijani na kufanya vitufe vikwaruze. Zungusha kila kitufe toka mwanzo hadi mwisho mara ishirini kila baada ya miezi michache, umeme ukiwa umezimwa. Spika za mtumba zenye ukingo wa sponji zikague kwa kidole: sponji ikimeguka, usinunue. Na sabufa inayonyamaza usiku sauti ikipunguzwa haijaharibika. Imelala kwa sababu ishara ni ndogo. Toa swichi kwenye otomatiki.

Wikio, chumba kinachovuka juu ya uchochoro, si mahali pa sabufa. Sakafu yake hubebwa na boriti juu ya hewa tupu, na huegemea kuta za nyumba mbili.

Ukimaliza, weka nukta ya rangi ya kucha kwenye kila kitufe, na kwenye kile cha voliumu ya sabufa weka mbili. Wakati wa kaskazi milango na madirisha yako wazi na besi inatoka nje. Kusi ikianza kupiga yanafungwa, chumba kinajaa, na nukta ya pili, ya chini kidogo, ndiyo utakayoihitaji.